Deni Dogo Kwanza au Riba Kubwa Kwanza? Ulinganisho wa Njia za Kumaliza Madeni na Kujijengea Akiba

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, na hakuna aliyewahi kuwapinga. Tatizo ni kwamba methali hiyo inamfikiria mdaiwa mwenye deni moja, ilhali wengi wanaoamua kujitoa kwenye madeni wanayo matatu, manne au zaidi, kila moja likiwa na riba yake, tarehe yake na mdai wa tabia yake. Mtu wa namna hiyo hahitaji kuhimizwa kulipa. Anachotaka kujua ni alipe lipi kwanza, kama inafaa kuyakusanya yote katika mkopo mmoja, kama ajiwekee akiba wakati bado anadaiwa, na fedha zitakazobaki mikononi mwake baada ya rejesho la mwisho azielekeze wapi. Maswali haya yana majibu tofauti kwa watu tofauti, lakini mengi yanaweza kupimwa kwa hesabu, na hesabu hiyo si ngumu.

Ili njia ziweze kulinganishwa kwa haki, nitatumia mfano mmoja. Tarakimu zake hazina sarafu, na kila msomaji anaweza kuziweka katika fedha anayoitumia.

| Deni | Salio | Riba kwa mwezi | Rejesho la chini kwa mwezi |
|---|---|---|---|
| Bidhaa zilizochukuliwa kwa mkopo | 240,000 | asilimia 1 | 20,000 |
| Kadi ya mkopo | 600,000 | asilimia 4 | 40,000 |
| Mkopo wa benki | 900,000 | asilimia 1.5 | 50,000 |

Jumla ya madeni ni 1,740,000. Marejesho ya lazima ni 110,000 kwa mwezi, na mdaiwa wetu, baada ya kubana matumizi, anaweza kutenga 170,000. Kwa hiyo ana ziada ya 60,000 ya kuielekeza anakotaka. Kabla ya kuchagua njia yoyote, ni vema azidishe kila salio kwa riba yake. Ataona kwamba katika mwezi wa kwanza bidhaa zinamgharimu riba ya 2,400, mkopo wa benki 13,500, na kadi 24,000. Deni kubwa kuliko yote silo linalomla zaidi. Wadaiwa wengi hawajawahi kuifanya hesabu hii ya dakika tano, kwa sababu taarifa ya deni huonesha kiasi cha kulipa kwa herufi kubwa na kiasi kinachomezwa na riba kwa herufi ndogo.

Deni dogo kwanza, au lenye riba kubwa kwanza

Katika njia ya kwanza, mdaiwa hulipa rejesho la chini kwa kila deni, kisha ziada yote huielekeza kwenye deni lenye salio dogo kuliko mengine. Likiisha, fedha zilizokuwa zikilipwa huko huhamia kwenye deni dogo linalofuata, na kuendelea hivyo. Njia ya pili inafanana na hiyo katika kila kitu isipokuwa mpangilio: ziada hupelekwa kwenye deni lenye riba kubwa, hata kama salio lake ni kubwa na litachukua muda mrefu kwisha.

Tukiifuata njia ya kwanza katika mfano wetu, deni la bidhaa linafutika katika mwezi wa 4, kadi inaisha mwezi wa 9, na mkopo wa benki unamalizika mwezi wa 12. Jumla ya riba iliyolipwa ni takriban 260,300. Tukiifuata njia ya pili, hakuna deni linalofutika hadi mwezi wa 7, kadi inapoisha, na mengine mawili yanamalizika pamoja katika mwezi wa 12, jumla ya riba ikiwa takriban 225,300. Njia ya pili imeokoa 35,000, yaani karibu moja ya tano ya fedha anazolipa kwa mwezi mmoja, na zote mbili zimefika mwisho katika mwezi uleule.

Kwa hesabu tupu, kuanza na riba kubwa hakuwezi kushindwa. Lakini wanaolipa ni watu, na watu huchoka. Mwaka 2012 watafiti David Gal na Blakeley McShane walichapisha uchunguzi uliotumia kumbukumbu za wadaiwa halisi nchini Marekani, nao waligundua kwamba idadi ya akaunti za madeni ambazo mtu alikuwa amezifunga ilikuwa dalili nzuri ya kutabiri kama angefika mwisho wa mpango wake. Hilo halishangazi: mtu aliyeona jina moja la mdai limefutwa kwenye orodha yake katika mwezi wa 4 ana ushahidi mkononi kwamba jitihada zake zinazaa, wakati mwenzake wa njia ya pili bado anatazama majina yaleyale matatu katika mwezi wa 6 na kujiuliza kama kuna kilichobadilika.

Ipo faida nyingine ya deni dogo ambayo haitajwi sana. Deni linapofutika, rejesho lake la lazima nalo hufutika. Kuanzia mwezi wa 5 mdaiwa wa njia ya kwanza analazimika kulipa 90,000 tu, na ile 80,000 inayobaki anaitoa kwa hiari; mwezi mmoja ukimwendea vibaya, anaweza kupunguza malipo bila kumkosea mdai yeyote. Mwenye kipato kisicho na uhakika, kama vile mfanyabiashara mdogo, fundi au mkulima, anapaswa kuipa nafasi hiyo ya kupumua uzito mkubwa kuliko mwajiriwa anayepokea mshahara uleule kila mwezi.

Hata hivyo tofauti ya 35,000 ni ya mfano huu, na haipaswi kuchukuliwa kuwa ndogo daima. Kama mkopo ule wa 900,000 ndio ungekuwa na riba ya asilimia 4 kwa mwezi, ungezaa riba ya 36,000 katika mwezi wa kwanza, na katika rejesho la 50,000 zingepungua 14,000 tu kutoka kwenye deni la msingi. Kuliacha deni la namna hiyo lisubiri mwisho wa foleni, eti kwa sababu ni kubwa, ni kujitia hasara kwa makusudi. Kwa maoni yangu, mpaka uwe hivi: madeni yakiwa na riba zinazokaribiana, anza na dogo bila kujilaumu; riba ya deni moja ikizidi mengine mara mbili au tatu na salio lake likiwa kubwa, anza nalo, na utafute njia nyingine ya kujipa moyo.

Ambacho kinanishangaza katika mjadala huu ni jinsi unavyotumia nguvu nyingi kwenye jambo la pili kwa umuhimu. Mdaiwa wetu angelipa marejesho ya chini peke yake, bila ile ziada ya 60,000, kadi ingemchukua miezi 24 kuimaliza, mkopo wa benki miezi 22, na jumla ya riba ingezidi 500,000. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Kupata ziada, na kuilinda isitumike kwingine, kunaokoa fedha nyingi kuliko kupanga foleni kwa ustadi, iwe kwa njia hii au ile.

Yapo pia madeni yanayotoka nje ya foleni zote mbili. La kwanza ni lile lililowekewa dhamana ya nyumba, shamba au chombo cha kazi, kwa sababu kulichelewesha kunaweza kukunyang'anya chanzo chenyewe cha kipato. La pili ni lenye mdhamini, ambalo likikwama litamwangukia mtu mwingine aliyekuamini. Na la tatu ni deni la ndugu au rafiki, lisilo na riba wala mkataba. Kwa hesabu, deni hilo lingekuwa la mwisho; lakini kila aliyewahi kukwepa kukutana na mtu kwa sababu anadaiwa naye anajua kwamba lina gharama yake. Ni busara kumwendea mwenye fedha mapema, kumtajia kiasi kidogo cha kulipa kila mwezi, na kukitimiza bila kukumbushwa.

Kuunganisha madeni katika mkopo mmoja

Njia ya tatu inavutia kwa urahisi wake: mdaiwa anachukua mkopo mpya wa kulipia yote ya zamani, kisha anabaki na mdai mmoja, tarehe moja na rejesho moja. Tuseme mdaiwa wetu amepata mkopo wa riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, yaani kwenye kiasi kilichobaki tu, na mkopeshaji anatoza ada ya asilimia 3 inayoongezwa kwenye deni. Mkopo mpya utakuwa 1,792,200. Matokeo yake, yakiwekwa kando ya njia mbili zilizotangulia, ni haya:

| | Deni dogo kwanza | Riba kubwa kwanza | Kuunganisha, kwa kulipa 170,000 | Kuunganisha, kwa miezi 36 |
|---|---|---|---|---|
| Malipo kwa mwezi | 170,000 | 170,000 | 170,000 | takriban 64,800 |
| Mwezi wa kumaliza | wa 12 | wa 12 | wa 12 | wa 36 |
| Gharama juu ya deni la msingi | 260,300 | 225,300 | 225,800 | 592,500 |

Safu ya tatu na ya nne ni za mkopo uleule, wenye riba ileile na ada ileile. Anayeendelea kulipa 170,000 anapata matokeo yanayolingana karibu kabisa na ya riba kubwa kwanza, kwa kuwa nafuu ya riba imemezwa na ada. Anayeufurahia unafuu wa rejesho dogo na kukubali miezi 36 analipa zaidi ya mara mbili na nusu ya gharama hiyo. Wakopeshaji huutangaza mpango huu kwa kutaja rejesho la mwezi, kwa sababu ndilo linalopungua machoni. Jumla ya malipo hutajwa kwa sauti ya chini, ikiwa itatajwa.

Mkopo wa kuunganisha unafaa pale ambapo riba mpya ni ndogo sana kuliko wastani wa zile za zamani, ada ni ndogo, na muda haurefushwi bila sababu. Unafaa pia kwa mtu aliyekwisha kuelemewa, ambaye marejesho ya lazima ya sasa yanazidi uwezo wake hata akijibana. Kwake, gharama kubwa ya miezi 36 inaweza kuwa ndogo kuliko faini, usumbufu na kuchafuka kwa kumbukumbu zake za mikopo. Lakini iko hatari ambayo haionekani kwenye jedwali. Kadi iliyolipwa na mkopo mpya inabaki tupu na tayari kutumika. Asiyeifunga, au asiyepunguza kikomo chake, anaweza kujikuta baada ya mwaka akiwa na mkopo wa kuunganisha pamoja na kadi iliyojaa tena, yaani amechimba shimo jipya kufukia la zamani na sasa anayo mawili.

Kabla ya kutia saini, swali moja linapaswa kujibiwa kwa maandishi: riba inatozwa kwenye salio linalopungua, au kwenye kiasi chote cha mwanzo hadi mwisho wa mkopo? Chukua mkopo wa 1,200,000 kwa mwaka mmoja, riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Ikitozwa kwenye salio linalopungua, rejesho ni takriban 106,600 na riba yote ni takriban 79,400. Ikitozwa kwenye kiasi cha mwanzo bila kupungua, rejesho ni 112,000 na riba yote ni 144,000, ingawa matangazo yote mawili yanasema asilimia 12. Ukiugeuza mkopo huo wa pili kuwa wa salio linalopungua, riba yake halisi inakaribia asilimia 21.5. Mtu anaweza kuhamisha deni la asilimia 18 kwenda kwenye la asilimia 12 na akawa amepandisha riba, huku akiamini ameishusha.

Kwa wanaojiepusha na riba kwa sababu za dini, ulinganisho una umbo tofauti kidogo. Katika murabaha, taasisi hununua kitu na kumuuzia mteja kwa bei ya juu iliyokubaliwa mwanzoni, ilipwe kwa awamu. Kwa kuwa bei imeshafungwa, kulipa mapema hakupunguzi deni kwa lazima. Punguzo, likiwapo, hutegemea mkataba na hiari ya taasisi. Kwa hiyo anayedaiwa kwa murabaha na wakati huohuo ana deni lingine lenye riba hana sababu ya kihesabu ya kuharakisha lile la kwanza, isipokuwa ameulizia punguzo na kuahidiwa.

Kuzungumza na mkopeshaji

Wadaiwa wengi huiona hii kuwa njia ya aibu, na kwa sababu hiyo huichelewesha hadi wakati ambapo mkopeshaji hana tena sababu ya kuwasikiliza. Anayefika kabla ya kukosa rejesho la kwanza, akiwa na maelezo ya kipato chake na pendekezo la kiasi anachokimudu, ana nafasi nzuri kuliko anayefika baada ya miezi mitatu ya kutopokea simu.

Yanayoweza kupatikana ni matatu, na hayalingani. Kuongezewa muda hupunguza rejesho na kuongeza riba yote, kama tulivyoona. Kusimamishiwa malipo kwa miezi michache humsaidia aliyepatwa na janga la muda, lakini mara nyingi riba huendelea kuzaliwa kimya kimya katika kipindi hicho na kuongezwa kwenye deni, na ni lazima kuuliza. Kusamehewa sehemu ya deni kwa sharti la kulipa iliyobaki kwa mkupuo ndiyo nafuu kubwa kuliko zote, ila huacha alama kwenye kumbukumbu za mikopo, na haina maana bila barua inayosema wazi kwamba kiasi hicho kinamaliza deni lote. Makubaliano ya simu hayatoshi. Afisa uliyezungumza naye anaweza kuhamishwa, na deni likauzwa kwa mkusanyaji ambaye haijui ahadi yoyote.

Akiba wakati bado unadaiwa

Hoja ya kutoweka akiba hata kidogo ni rahisi kuieleza: fedha zilizokaa kwenye akaunti ya akiba huzaa asilimia chache kwa mwaka, na deni la kadi katika mfano wetu linatoza asilimia 4 kwa mwezi. Kila 100,000 inayokaa benki badala ya kulipia kadi inamgharimu mwenyewe 4,000 kwa mwezi. Kwa nini basi asilipe yote, na dharura ikitokea akakopa tena kwenye kadi ileile?

Jibu ni kwamba hoja hiyo ni sahihi kwa sharti moja, kwamba mkopo utapatikana siku utakapohitajika na kwa riba ileile. Siku mtu anapopoteza kazi au anapougua ndiyo siku wakopeshaji wanapomwona kuwa wa hatari, na kilichobaki mara nyingi ni mikopo ya papo kwa papo inayokata ada mbele. Mkopo wa siku 30 wenye ada ya asilimia 8 ni ghali mara mbili ya kadi yetu, na ukisogezwa mbele mara moja ada hulipwa tena. Ninaona kwamba akiba ndogo inayotosha matumizi ya lazima ya mwezi mmoja, hata nusu yake kwa aliyebanwa sana, inastahili gharama hiyo ya 4,000 kwa kila 100,000, kama vile bima inavyostahili ada yake. Zaidi ya mwezi mmoja, wakati bado kuna deni la asilimia 4 kwa mwezi, ni kujifurahisha na kitabu cha benki.

Mwezi wa 13

Mdaiwa wetu amemaliza. Kuanzia mwezi unaofuata, 170,000 ambazo kwa mwaka mzima hazikuwa zake zimerudi mikononi, na matumizi ya nyumbani yamekwisha kuzoea kuishi bila hizo. Hali hiyo haidumu. Baada ya miezi miwili au mitatu fedha zitakuwa zimepata kazi, bila mtu kukumbuka ni lini ziligawiwa. Anayetaka usalama wa kifedha anapaswa kuacha agizo benki, kabla ya rejesho la mwisho, kwamba kiasi kilekile kiendelee kuondoka tarehe ileile, ila sasa kiende kwenye akaunti yake mwenyewe. Aombe pia barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha na kwamba dhamana imeachiliwa, na aitunze.

Chaguo la kwanza hapa ni kati ya kujaza akiba ya dharura yote kabla ya kuwekeza, na kufanya yote mawili kwa pamoja. Kipimo cha kawaida cha akiba ya dharura ni matumizi ya lazima ya miezi 3 hadi 6. Kama matumizi hayo ni 200,000 kwa mwezi, lengo la miezi 3 ni 600,000, na mtu huyu atalifikia katika miezi 4. Lengo la miezi 6 litamchukua miezi 8. Kwa muda mfupi namna hiyo sioni sababu ya kugawa fedha. Ajaze kwanza. Isipokuwa mwajiri wake anachangia kwenye mfuko wa pensheni kwa sharti kwamba naye achangie: mwajiri anayeongeza kiasi sawa na chako amekupa faida ya asilimia 100 siku ileile, na hakuna uwekezaji halali unaolingana na huo. Mwenye kipato cha msimu au anayetegemewa na watu wengi aende hadi miezi 6 au kuizidi. Wawili wanaoishi pamoja, kila mmoja akiwa na ajira yake, wanaweza kuridhika na 3.

Akiba hiyo ikae wapi? Akaunti ya kawaida ya akiba inatoa fedha siku yoyote, lakini riba yake ni ndogo. Amana ya muda maalumu inalipa zaidi, ila anayeivunja kabla ya kukomaa hupoteza riba yote au sehemu yake. Kinachofaa ni kuigawa: mwezi mmoja wa matumizi ubaki kwenye akaunti, na iliyobaki iwekwe kwenye amana fupi zinazokomaa kwa kupishana, au kwenye mfuko wa pamoja, unaokusanya fedha za watu wengi, unaonunua hati za mikopo ya muda mfupi na kulipa ndani ya siku chache. Fedha hizi hazitafuti utajiri. Hata hivyo si vizuri kuzijaza kupita kiasi, kwa sababu mfumuko wa bei wa asilimia 6 kwa mwaka hupunguza uwezo wa fedha kununua hadi nusu ndani ya miaka 12.

Baada ya akiba kujaa ndipo uwekezaji wa muda mrefu unapoingia, na hapo tofauti kubwa ni kati ya hati fungani, ambazo ni mkopo unaoutoa wewe, na hisa, ambazo ni sehemu ya umiliki wa kampuni. Hati fungani za serikali hulipa riba kwa tarehe zinazojulikana, lakini bei yake sokoni hushuka riba za soko zinapopanda, jambo linalomuumiza anayelazimika kuuza kabla ya wakati. Hisa hazina ahadi yoyote, huweza kushuka sana katika mwaka mmoja, na zimekuwa zikilipa vizuri zaidi kwa anayeweza kusubiri miaka mingi. Fedha zitakazohitajika ndani ya miaka 5 hazifai kuwekwa huko. Anayenunua kupitia mfuko wa pamoja aitazame ada ya mwaka kwa jicho lilelile alilotazamia riba ya deni. Kiasi cha 1,000,000 kikikua kwa asilimia 7 kwa mwaka kabla ya ada, kwa miaka 30, kitafika takriban 6,614,000 ada ikiwa asilimia 0.5, na takriban 4,322,000 ada ikiwa asilimia 2. Asilimia moja na nusu imeondoka na zaidi ya 2,000,000.

Kuhusu bima nitasema kwa ufupi. Mwenye watu wanaomtegemea anaihitaji ya maisha, na kati ya bima ya muda inayolipa kifo kikitokea na bima iliyochanganywa na akiba, ya kwanza hutoa kinga kubwa kwa ada ndogo. Ile ya pili humlazimisha mtu kuweka akiba, na hilo ni jema kwa asiyejiamini, lakini anayeisitisha katika miaka ya mwanzo hurudishiwa kidogo sana kuliko alichochangia.

Linabaki chaguo moja linalowasumbua hata walio makini: aliyemaliza madeni madogo lakini ana mkopo mrefu wa nyumba, aulipe haraka au awekeze? Kulipa mapema mkopo wa asilimia 12 kwa mwaka ni sawa na kupata faida ya asilimia 12 isiyo na shaka. Amana ya asilimia 8 haishindani na hiyo. Hisa zinaweza kuipita au zisiipite. Upande wa pili ni kwamba fedha zilizoingia kwenye ukuta wa nyumba hazitoki siku ya shida, ndiyo maana akiba ya dharura inapaswa kutangulia. Tuchukue mkopo wa 10,000,000 kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi, ulipwe kwa miezi 120: rejesho lake ni takriban 143,500. Anayeongeza 20,000 kila mwezi anamaliza karibu miaka 2 mapema, na riba anayoepuka ni takriban 1,670,000. Mtu wetu wa 170,000 anaweza kutoa hiyo 20,000, akapeleka 150,000 kwenye pensheni na mfuko wa pamoja, na asijione kuwa ameacha upande wowote. Ila aulize kwanza mambo mawili benki: kama kuna faini ya kulipa mapema, na kama ziada yake itapunguza deni la msingi siku inapoingia au itawekwa kando kuwa malipo ya mwezi ujao. Katika hali ya pili riba haipungui hata kidogo, na agizo la kubadilisha utaratibu huo lazima liandikwe na kupokelewa kwa muhuri kabla ya malipo ya kwanza ya ziada kufanyika.